Titus Mwenyekiti

Ukiitwa mtu wa fotokopi mbele ya watu, na anayekuita hivyo ameshika mkononi kazi uliyoifanya wewe, una mawili: umfuate mgombane, au umeze mate utafute pa kumshikia. Kaimu Ismaily alimeza mate. Nachingwea ilishangaa, maana Kaimu si mtu wa kumeza. Ni mtu wa kusema, kusemwa, na kusimulia jinsi alivyosemwa.

Steshenari yake iko hatua chache kutoka stendi. Ndani kuna mashine moja ya fotokopi, kompyuta mbili, na benchi ambalo halijakaa wazi tangu liletwe. Nusu ya wanaoingia wana vyeti vya kutoa kopi. Nusu wamefuata habari, nani kaachwa na nani, nani kajenga kwa hela ipi. Mama Rozalia, muuza chai wa pale kibarazani, ndiye anayezileta habari. Kaimu ndiye anayezitia chumvi. Shule aliiacha kidato cha pili. Kutengeneza tovuti alijifundisha mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, video moja baada ya nyingine, akirudia kwa sauti mpaka Shakila mkewe, ambaye kompyuta haimhusu, akawa anakoroga uji huku anaimba "display grid."

Mwaka jana Umoja wa Wakulima Tujikwamue, ushirika wa ufuta na mazao mengine wenye ofisi yake Ruangwa, ulimwomba awatengenezee tovuti ya bei. Bei ya mnada ikitangazwa, mkulima wa Mbekenyera aione kabla mlanguzi hajamfikia mlangoni. Kaimu akaishona kazi ile kama nguo ya harusi. Kila zao lilikuwa na kadi yake, na kadi zote alizipanga kwenye gridi aliyoipa jina la jamvi: ukifungua kwenye simu ndogo, kadi zinashuka moja chini ya nyingine, ukifungua kwenye kioo kipana, zinajitandaza zenyewe tatu, nne, bila kuambiwa. Kwa watu wa Kilimarondo, ambako mtandao unakuja ukipenda, aliandika JavaScript ya kuhifadhi bei ya mwisho ndani ya simu pamoja na tarehe yake, asije mtu akauza leo kwa bei ya juzi bila kujua. Chini kabisa aliweka mstari mmoja: Imetengenezwa na Kaimu Ismaily, Nachingwea. Mstari ule aliupenda kama mtoto wa kwanza.

Ugomvi mdogo ulikuwa kwenye majina ya viongozi. Wao walitaka yakae juu kabisa, na picha. Kaimu akasema mkulima anataka bei, sura za viongozi hazinunui sukari. Wakakubaliana nusu kwa nusu: kwenye simu na kompyuta ndogo majina yafichwe, yatokee kwenye kioo kipana tu, kama ile runinga kubwa ya ukumbini Ruangwa. Kwa lugha ya CSS, ile inayoivisha tovuti mavazi yake, ni mistari miwili. Wa kwanza unasema orodha isionekane. Wa pili unasema, ikiwa upana wa kioo umefika nukta elfu moja na mia sita, ionekane. Viongozi wakajiona kwenye runinga yao, wakaridhika.

Halafu akaja Titus.

Titus Protasi alisoma na Kaimu hapohapo Nachingwea, akaenda Dar, akarudi na diploma na viatu vyenye ncha. Wiki tatu alishinda kwenye lile benchi. "Mwanangu Kaimu, hii jamvi yako umeifanyaje? Nioneshe basi, mzee baba." Na Kaimu, mtu wa watu, akamwonesha. Akamwonesha gridi, akamwonesha jinsi ya kuhifadhi bei, akamwonesha hata namna ya kubadilisha neno moja kwenye faili zima kwa mkupuo, na kwamba lazima uwashe kitufe cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo, la sivyo utavuruga anwani zako. Mchana walikula sahani moja, ugali kwa kisamvu cha Shakila.

Mwezi wa nne Titus akaacha kuja. Mwezi wa tano, Mama Rozalia akaingia steshenari bila kubisha, birika mkononi.

"Kaimu, baba, kaa kitako."

"Nimekaa, Mama Rozalia. Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Nimetoka Ruangwa kwa mdogo wangu. Ushirika umebandika matangazo mapya, anwani ya tovuti ni nyingine, na aliyeitengeneza wanasema ni Titus. Nikauliza, na Kaimu je? Titus alikuwepo palepale. Akacheka. Akasema, Kaimu? Yule si mtu wa fotokopi tu? Alikuwa ananichapia."

"Na wengine?"

Mama Rozalia akalitua birika. "Mwenyekiti Abdulatifu naye alicheka. Tena yeye ndiye aliyeanza."

Benchi zima likageuka kumtazama Kaimu. Hapo ndipo alipomeza mate.

Alifungua ile anwani mpya. Tovuti ilikuwa ileile, jamvi lilelile, rangi zilezile za majani mabichi, ila chini palisomeka: Imetengenezwa na Titus Protasi, Mtaalamu. Kaimu akafungua msimbo wake, yale maandishi ya nyuma ya pazia, akaanza kusoma. Kaimu alikuwa na tabia ya kujiandikia vikumbusho humohumo ndani, kama mtu anayezungumza peke yake. Mahali fulani aliwahi kuandika: "Kaimu usiguse hapa, mara ya kwanza uliharibu ukakesha ukirekebisha mpaka Shakila akanuna." Sasa palisomeka: "Titus usiguse hapa, mara ya kwanza uliharibu ukakesha ukirekebisha mpaka Shakila akanuna."

Alisoma mara mbili. Kazi kachukua, jina kachukua, na sasa kajiweka na Shakila ndani ya nyumba moja!

Lakini hasira ilipopungua kidogo, akili ikaingia. Titus hakuwa amesoma kitu. Alichukua faili zima akaamuru: palipo na "Kaimu Ismaily" weka "Titus Protasi", kisha palipobaki "Kaimu," weka "Titus." Kwa mkupuo, vilevile alivyofundishwa, na kitufe cha herufi kubwa na ndogo amekiwasha. Kwa hiyo anwani ya faili la mtindo, ambayo Kaimu aliiandika na jina lake kwa herufi ndogo, haikuguswa. Tovuti ya Titus ilikuwa bado inavaa nguo kutoka kabati la Kaimu. Rangi, mpangilio, nini kionekane na nini kifichwe, vyote vilitoka kwenye faili la CSS ambalo ufunguo wake anao Kaimu peke yake.

Na lipo jambo la pili, ambalo mtu makini angelikumbuka kabla hajabonyeza. Jina la Kaimu ni jina, lakini ni cheo pia. Tangu utotoni watu walimtania: "We Kaimu, unamkaimia nani? Mwenyewe yuko wapi?" Na ule ushirika ulikuwa wa makaimu watupu. Mwenyekiti halisi alihamia Mtwara mwaka wa tatu sasa, uchaguzi unaahirishwa kila msimu, basi Abdulatifu akawa Kaimu Mwenyekiti, Getruda akawa Kaimu Katibu, na mzee Rashidy akawa Kaimu Mtunza Ghala.

Kaimu akateremka taratibu mpaka kwenye orodha iliyofichwa. Akaisoma. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Kuna nini?" akauliza Mama Rozalia.

"Hamna kitu, mama. Nipe chai. Weka na maandazi mawili."

Siku kumi baadaye palikuwa na mkutano mkuu wa kufungua msimu wa ufuta, pale ukumbini Ruangwa. Ajenda ya nne ilikuwa tovuti: wanachama wampitishe fundi wake, aandikwe kwenye muhtasari, na kazi ienee mpaka vijiji vyote vya Nachingwea. Kikishaandikwa kwenye muhtasari, kimeandikwa. Kaimu angebaki mtu wa fotokopi mpaka wajukuu. Aliwaza kupiga simu, aliwaza kuandika barua. Akaona ampe Titus jukwaa kwanza. Mtu akianguka kutoka kwenye mkeka haumii.

Alianza kwa kuipa tovuti yake mwenyewe, ile ya zamani ambayo hakuizima, faili jipya la mtindo, ili atakachofanya kisimguse. Kisha akafungua faili la zamani, lile analovaa Titus. Bei hakuzigusa. Mkulima hana kosa. Alikwenda moja kwa moja kwenye sharti la kioo kipana, akaongeza mistari mitatu kwa orodha ya viongozi. Order hasi moja, yaani ruka foleni, kaa mbele ya wote. Ukubwa wa herufi, kadiri kioo kinavyokuwa kipana, na mstari wa mwenyekiti ukubwa mara mbili. Na wa tatu, position sticky: ukurasa ukishushwa, wewe usishuke, ng'ang'ania palepale juu.

Akajaribu kwenye kompyuta yake, akiuvuta upana wa dirisha la majaribio nukta kwa nukta. Elfu moja mia tano tisini na tisa: kimya, bei zimetulia kwenye jamvi. Elfu moja na mia sita: herufi za majina zikalipuka. Akarudisha. Kimya. Akasogeza. Zikalipuka. Laptopu ya Titus ilikuwa na upana wa elfu moja mia tatu na kitu. Kaimu aliijua, ilikaa wiki tatu juu ya meza yake. Titus angeweza kuikagua asubuhi mpaka jioni asione kitu. Runinga ya ukumbini ilikuwa elfu moja mia tisa na ishirini.

Tena katika yote hayo hakuandika neno hata moja. Maneno yote yalikuwa ya Titus.

Siku ya mkutano Mama Rozalia alifunga biashara. "Siwezi kuhadithiwa," alisema, akajibana na Kaimu kwenye siti ya mbele ya gari la Ruangwa. "Wewe hujaniambia kitu, lakini sura yako ni ya mtu aliyetega."

Ukumbi ulijaa. Watu wa Chinongwe walikuja na gari la mizigo, wa Mbekenyera kwa pikipiki. Abdulatifu alikaa meza kuu, kofia imenyooka, Getruda kushoto kwake na daftari la muhtasari, mzee Rashidy kulia akisinzia. Ajenda tatu zikapita. Ya nne ikaitwa, Titus akasimama na suti yake, akatupa jicho, akamwona Kaimu nyuma karibu na mlango. Akatabasamu.

"Ndugu wajumbe," akaanza, "wapo wanaodhani tovuti ni kuchapa chapa tu. Hapana. Hii ni taaluma. Mimi nimekaa darasani." Akainua simu. "Mnaona? Bei, tarehe, kila kitu. Nimeisanifu mwenyewe kuanzia herufi ya kwanza."

Sauti ikatoka nyuma. Alikuwa Bakary, mkulima wa Mbekenyera, mtu mrefu asiye na subira. "Mtaalamu, hicho kisimu unajionesha mwenyewe? Sisi wa huku tunaona suti tu! Runinga hiyo ni ya nini, kukaushia vitambaa?"

Watu wakacheka. Kaimu alikuwa amejiandaa kuomba yeye mwenyewe. Akaona Mungu amemletea msemaji, akatulia.

"Hakuna shida," akasema Titus. Akaenda kwenye kompyuta ya ukumbi, ile iliyounganishwa na runinga, akaandika anwani, akabonyeza, akageukia wajumbe akiwa ameipa runinga mgongo. "Karibuni muione kazi."

Nyuma yake, kwa herufi za ukubwa wa ndoo, ikatokea:

TITUS MWENYEKITI: ABDULATIFU

Chini yake, ndogo kidogo: Titus Katibu: Getruda. Titus Mtunza Ghala: Rashidy.

Ukumbi mzima ukakodoa macho. Titus alidhani ni kicho.

"Naona mmeduwaa," akasema.

Getruda akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Samahani, mimi ndiye Titus Katibu?"

Hapo ndipo mbavu zilipovunjika. Kicheko kilianzia Chinongwe kikaenda Mbekenyera kikarudi. Mzee Rashidy akazinduka, akaambiwa yeye ni Titus Mtunza Ghala, akauliza kama posho inaongezeka. Titus akageuka, akaona. Akashika kipanya, akaushusha ukurasa upesi ili maneno yaondoke. Bei zikapita, picha za ufuta zikapita, mpaka chini kabisa. TITUS MWENYEKITI imeng'ang'ania palepale juu, haisogei.

"Ni virusi," akasema. "Kompyuta hii ina virusi."

"Virusi gani vinajua kuandika Titus?" akadakia Mama Rozalia.

Abdulatifu alikuwa amesimama. "Bwana Titus, mimi baba yangu aliniita Abdulatifu. Nimekuwa Titus lini?"

Bakary alikuwa akihesabu kwa vidole. "Ngojeni, jamani. Mwenyekiti wetu ni nani? Ni kaimu. Katibu? Kaimu. Ghala? Kaimu. Sasa kila palipokuwa na kaimu, pamekuja Titus. Maana yake huyu bwana alikuwa anafuta neno Kaimu kila anapolikuta." Akavikunja vidole. "Kwa nini mtu afute neno Kaimu?"

Vichwa vikaanza kugeuka, mstari kwa mstari, mpaka mlangoni. Kaimu Ismaily alikuwa ameegemea fremu, mikono kifuani.

"Titus," akasema Abdulatifu kwa sauti ya chini, "rekebisha. Hapa hapa, tukiona."

Titus akainama kwenye kompyuta. Akafungua, akafunga, jasho likampita shingoni likaingia kwenye kola. Alitafuta ni nini kilichoyakuza maneno yale na kuyagandisha juu, asione. Kisingeonekana kwenye faili lake. Hicho kilikuwa kabatini kwa mwenzake. Dakika tano ukumbi ulimtazama. Kaimu alizihesabu zote, na kila moja ilimshuka tumboni kama uji wa moto siku ya homa.

"Kaimu, mwanangu," Titus akasema mwishowe, bila kuinua uso. "Njoo unisaidie."

"Mimi?" Kaimu akajigusa kifua. "Mimi mtu wa fotokopi. Karatasi mnayo?"

Ukumbi ukalipuka tena. Kaimu akangoja utulie. "Nitarekebisha kwa dakika moja. Lakini kwanza aseme kwenye kipaza sauti, kazi hii ni ya nani."

Titus akakishika kipaza sauti. Akasema kitu.

"Huku haijafika!" akaita Mama Rozalia.

Akarudia. "Ni ya Kaimu."

"Kaimu yupi?" akauliza Kaimu mwenyewe, taratibu. "Wapo wengi hapa. Katibu anaandika."

"Kaimu Ismaily," akasema Titus. "Wa Nachingwea. Mimi niliichukua."

Getruda akaandika. Kaimu akatoa simu, akafuta mistari yake mitatu, ukurasa ulipofunguliwa upya majina yakarudi pembeni, madogo. Bado yalisomeka Titus, ila kwa adabu. Wajumbe wakapitisha kwa mikono kwamba tovuti ni ileile ya zamani, anwani ileile ya zamani, fundi ni Kaimu, na anwani ya Titus isitumike tena. Bakary akawatangazia wa kijiji chake palepale.

Walipotoka nje, Abdulatifu akamvuta Kaimu kando ya ukuta.

"Ulijua."

"Nilijua, mwenyekiti."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Ukaniacha nichekwe mbele ya wanachama wangu? Kwa nini hukunipigia? Na kwa nini jina langu ndilo kubwa kuliko yote?"

Kaimu akamtazama usoni. "Mwenyekiti, siku Titus aliposema mimi ni mtu wa fotokopi, nani alianza kucheka?"

Abdulatifu akarekebisha kofia ambayo haikuwa imepinda, akaondoka.

Titus alikuwa anamngoja, yeye na Mama Rozalia, penye pikipiki, koti begani. Hasira ilikuwa imechukua mahali pa aibu. "Umenidhalilisha. Sasa nakwambia mbele ya mama huyu: toa vitu vyako kwenye tovuti yangu."

"Yako?"

"Nitaiuza kwa ushirika mwingine, haikuhusu. Toa kila kilicho chako. Sitaki hata nukta yako moja!"

"Kila kilicho changu?"

"Kila kitu!"

"Mama Rozalia, umesikia?"

"Nimesikia, na masikio yote mawili."

Kaimu hakubishana. Alikuwa na neno la kumwambia, na neno lenyewe lilikuwa fupi: usitake hivyo, kaka. Orodha ile imefichwa na faili langu. Nikiliondoa, hakuna tena cha kuificha. Neno lilimfika kwenye ulimi, akakumbuka "mpaka Shakila akanuna," akalimeza.

Alisubiri gari lianze kuondoka. Kisha akafungua kabati lake, akalichagua faili la zamani la mtindo, akalifuta lote. Mama Rozalia, ambaye alikuwa amefungua anwani ya Titus kwenye kisimu chake cha kioo kidogo, akaona rangi za kijani zikitoweka, jamvi likikunjwa, kila kitu kikibaki maandishi meusi juu ya weupe kama mtu aliyetolewa bafuni bila taulo. Na humo katikati, kwenye simu ndogo ambako majina hayakuwahi kuonekana, Titus Mwenyekiti, Titus Katibu, Titus Mtunza Ghala.

"Yesu na Maria," akasema. "Kaimu! Sasa inaonekana kwenye simu zote?"

"Kaniambia mwenyewe nitoe."

Mama Rozalia tayari alikuwa anaipiga picha, anaituma kwenye kundi la parokia, kundi la kikoba, kundi la ndugu wa Chinongwe. Simu ya Kaimu ikaanza kuita kabla hawajatoka mjini. Jina kwenye kioo lilikuwa la Abdulatifu.

"Hupokei?"

Kaimu akaitazama ikiita mpaka ikakata. Ikaanza tena. Akaigeuza kifudifudi juu ya goti.

"Nisimulie tena, mama," akasema, "uso wake ulikuwaje aliposema virusi."